Jiko la makaa linapokataa kazi: dalili, sababu na dawa zake

Saa kumi na moja alfajiri, unga wa mahamri umeshaumuka, karai iko tayari, na jiko limefifia. Unapepea mpaka mkono unakufa ganzi. Makaa yanang'aa kidogo, ukipumzika yanarudi kuwa meusi. Asubuhi zangu nyingi pale Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, zilianza hivyo, mpaka mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa bati, aliponikalisha na kunifundisha kulitazama jiko kama anavyotazamwa mgonjwa: usimpe dawa kabla hujajua anaumwa wapi. Ninayoandika hapa nimeyapata kwake, na mengine kwenye miaka ya kukaanga mahamri ya kuuza.

Jiko ninalolizungumzia ni hili la kila nyumba: bati lenye kiuno chembamba kwa nje, chungu cha udongo uliochomwa kwa ndani, matundu kwenye sakafu ya chungu, na mlango mdogo chini wa kutolea jivu. Lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, likachukua nafasi ya jiko la bati tupu lililokuwa likipoteza joto jingi kupitia ubavuni. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa seredani, lile jiko jingine la makaa la kwetu.

Shika jambo moja kabla ya yote. Jiko linavuta pumzi. Hewa baridi huingia mlangoni chini, hupanda matunduni, hukutana na makaa, kisha hutoka juu ikiwa moto na kuvuta nyingine nyuma yake. Kwa hiyo jiko likiharibika, kosa liko kwenye njia ya hewa, au kwenye makaa, au kwenye mwili wa jiko lenyewe. Tafuta kwa mpango huo huo, kwa sababu kusafisha njia ya hewa hakugharimu hata senti. Wengi wetu huanza kinyume: tunamlaumu muuza makaa, tunanunua jiko jipya, na lile la zamani tunalitupa likiwa limejaa jivu tu.

Ikiwa unapika ndani ya chumba kilichofungwa na kichwa kinakuuma, ruka yote haya usome kwanza sehemu ya maumivu ya kichwa.

Jiko halishiki moto, au linachukua nusu saa

Fungua mlango wa chini uchungulie. Jivu likifika karibu na matundu, umeshapata jibu. Limwage lote, kisha chukua njiti ya ufagio wa chelewa uipitishe kwenye kila tundu, moja baada ya jingine. Vipande vidogo vya makaa hukwama humo vikakaa kama kizibo, na ukitazama kwa juu huvioni kwa sababu vimefunikwa na jivu. Inua jiko juani, lichungulie kutoka juu: mwanga uonekane kwenye kila tundu.

Matundu yakiwa safi na moto bado hautaki, shika makaa. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Makaa makavu yaliyoiva hulia kwa sauti kali, kama vigae viwili. Yenye maji hutoa mlio butu, na ukiyavunja hayang'ai ndani. Hapa kwetu unyevu haukwepeki. Makaa hunywa maji kutoka hewani, na gunia likivushwa kwa mashua kutoka Mokowe siku ya mawimbi, hufika limerushiwa maji ya bahari. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko ya mvua, kwa sababu chumvi inabaki ndani ya makaa na kuendelea kuvuta unyevu hata baada ya kuanikwa. Gunia la namna hiyo nalirudisha kwa aliyeniuzia, na kama hakubali basi nalitumia kidogo kidogo nikichanganya na makaa makavu.

Makaa yenye unyevu wa kawaida yaanike darini, juu ya nyumba, mchana mmoja wa jua, uyageuze, halafu uyatie kwenye pipa au debe lenye kifuniko. Usiyaache sakafuni wala yakiegemea ukuta. Kuta zetu za matumbawe hupandisha unyevu kutoka chini, na gunia linaloegemea hunyonya unyevu huo usiku kucha.

Kuna pia namna ya kupanga. Chini weka vifuu vya nazi vilivyovunjwa vipande vidogo, au makumbi makavu kabisa, juu yake makaa madogo, na makubwa mwisho. Yaache yapumue baina yao. Ukishawasha, elekeza mlango wa jiko upande unakotoka upepo mpaka makaa ya kati yawe mekundu. Usijaze mpaka sufuria iyagandamize makaa. Nafasi ya upana wa kidole baina ya makaa na kitako cha sufuria ndiyo njia ya kutokea hewa, na hewa isiyotoka juu haiingii chini.

Mafuta ya taa siyapendi, na hasa nasisitiza hili: usimwagie mafuta ya taa makaa yaliyokwisha kupata joto, hata kama huoni wekundu wowote. Yanageuka mvuke kwanza, kisha yanalipuka usoni. Mifuko ya plastiki nayo iache. Harufu yake inaingia kwenye chakula, na moshi wake ni sumu kwa anayepuliza.

Linawaka vizuri, kisha linakufa katikati ya mapishi

Mara nyingi jivu limejaa wakati wa kupika, hasa kama unamimina makaa ya chini ya gunia pamoja na vumbi lake. Chekecha kwanza. Vumbi hilo huanguka matunduni na kuziba kabisa. Jiko likiwa linawaka, liguse kidogo kwa koleo ubavuni jivu lianguke. Usipekuepekue makaa kwa nguvu, utayavunja na kuongeza vumbi.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu hawaioni: sufuria. Jirani yangu alinunua sufuria pana ya biriani, akaiweka kwenye jiko lake dogo, na kila akipika moto unakufa. Amebadilisha makaa mara tatu. Nilipokwenda kutazama, vile vyuma vitatu vinavyobeba sufuria vilikuwa vimelala kwa uzito, na kitako cha sufuria kimekaa juu ya mdomo wa chungu kama kifuniko. Tulivinyoosha kwa koleo, sufuria ikainuka, na moto ukarudi papo hapo. Kila mwezi pima kwa jicho: sufuria ikikaa, uone mwanga kuzunguka kote.

Moshi hauishi

Makaa yaliyoiva hutoa moshi dakika chache za mwanzo tu. Moshi ukiendelea, tafuta kipande kinachoutoa, maana mara nyingi ni kimoja au viwili. Kivunje: ndani utaona rangi ya kahawia. Hiyo bado ni kuni, tanuri lilifunguliwa mapema. Kitoe kwa koleo ukakimalizie nje. Gunia likiwa na vipande vingi vya namna hiyo umeuziwa kuni kwa bei ya makaa.

Hapo nina neno. Matanuri ya udongo ya kienyeji hula kati ya kilo tano na kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya makaa. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko hiyo ndiyo inayozuia ufuo kuliwa na kuwapa samaki na kaa mahali pa kuzalia. Kila kiganja cha makaa kinachoungua bure kwa sababu matundu yamezibwa ni mti uliokatwa bure. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuamka na njiti ya chelewa kila asubuhi.

Cheche na milio ya kupasuka

Ni maji yaliyo ndani ya makaa yanayogeuka mvuke ghafla, au maganda ya mti yaliyobaki. Anza na moto mdogo, weka makaa mapya pembeni yapate joto kabla ya kuyasogeza kati, na usipepee kwa pupa. Kama dari yako ni ya makuti, jiko lisikae chini ya ukingo wake, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Katika mji wetu nyumba zimebanana na vichochoro ni vya punda, hivyo moto ukishika makuti ya nyumba moja haungoji ruhusa kuingia ya pili. Shungi na leso ya kitambaa chepesi izungushe uifunge nyuma kabla ya kuinama.

Makaa yanaisha haraka, na moto uko upande mmoja

Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, hili ndilo lalamiko kubwa, hasa kwa wanaopika darini. Upepo unaingia mlangoni kwa nguvu, unapuliza makaa ya upande mmoja kama mvukuto wa mhunzi, huku unapoza sufuria upande wa pili. Umetumia makaa mengi na chakula hakijaiva. Ukishamaliza kuwasha, geuza mlango uupe upepo mgongo, kisha weka kizuizi: bati, tofali mbili tatu, au sogea nyuma ya ukuta mfupi. Kizuizi kisiguse jiko. Mlango wa chini nao ndio usukani wa moto. Wazi wote kwa kuwasha, nusu kwa kuchemsha, ufa mdogo kwa kuchemsha taratibu.

Mlango uliopinda usiofunga ni hasara ya kila siku. Fundi wa bati ataunyoosha kwa dakika chache.

Mahamri yanaungua nje na ndani ni mabichi. Wali umeganda chini na juu haujaiva

Hapa jiko huwa halina ugonjwa wowote. Tatizo ni wakati wa kuongeza makaa, na nimelipia kosa hili kwa sinia nzima za mahamri.

Ukiongeza makaa meusi wakati mafuta yako kwenye moto, kwanza jiko linapoa, kwa sababu makaa mapya yanakunywa joto yapate kushika. Mahamri yanakaa kwenye mafuta baridi na kunyonya mafuta. Unaona moto mdogo, unapepea. Dakika kumi baadaye makaa yote yameshika kwa pamoja, mafuta yanapanda kuliko unavyotaka, na mahamri yanageuka rangi kabla ya tumbo kujaa hewa. Basi usingoje makaa yaishe ndipo uongeze. Yakibaki kama thuluthi mbili, weka vipande vinne au vitano pembeni, si juu, na uviache vishike polepole huku makaa ya kati yanafanya kazi. Wenye biashara wanakuwa na seredani ndogo ya pili inayoivisha makaa pembeni, wakachukua yaliyokwisha kuwa mekundu. Ni njia bora kuliko zote ninazozijua.

Moto ukizidi, usimwagie maji. Funga mlango, kisha nyunyiza jivu baridi juu ya makaa kwa mkono, jivu jembamba tu. Ndani ya dakika mbili utaona mafuta yametulia. Kipimo changu ni kipande kidogo cha unga: kikizama na kukawia, bado, kikipanda mara moja kikiwa na mapovu madogo madogo, tia mahamri, kikibadilika rangi papo hapo, inua karai.

Wali una sheria yake ya zamani, ambayo vijana wa gesi wanaisahau: moto wa kupalia. Maji yakikauka, toa makaa mengi chini, ubakishe machache yaliyofunikwa na jivu, kisha palia makaa juu ya kifuniko cha bati. Wali ukiganda chini maana yake umechelewa kuyatoa. Ukibaki na kiini juu, makaa ya kifunikoni ni machache au yamekaa katikati tu. Yasambaze mpaka kwenye ukingo, kwa sababu ukingo ndio unaopoa kwanza. Kifuniko kikiwa chembamba sana au kimepinda, jivu litaingia kwenye chakula, basi weka sinia ya bati juu yake ndiyo ibebe makaa. Mkate wa sinia ni hivyo hivyo, ila juu uwe na moto zaidi kuliko chini.

Jiko linawaka vizuri, lakini mpishi kichwa kinamuuma

Dalili hii ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Makaa mekundu yasiyo na moshi huonekana salama, na watu hungoja moshi uishe ndipo walete jiko ndani. Lakini makaa yanapoungua hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na hutoa nyingi zaidi hewa inapokuwa chache. Ule ulimi wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Isipoungua, inaingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Damu yetu huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyokamata oksijeni, kwa hiyo hata kidogo kinatosha kuchukua nafasi ya hewa tunayoihitaji.

Inaanza kwa kichwa kubana, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi usio wa kawaida. Wengi hudhani ni malaria au uchovu. Tofauti yake ni hizi: homa haipo, zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaumwa kwa wakati mmoja, na mtu akitoka nje anapata nafuu. Ukiona hivyo, usitafute dawa ya kichwa. Toka, toa kila mtu, fungua kila mlango.

Nyumba zetu za mawe ni nzuri kwa joto, lakini vyumba vya ndani kabisa havina dirisha la nje. Mvua za mwaka, yaani za masika, zikipiga, watu hufunga kila kitu na kuingiza jiko ukumbini. Na kuna chumba ninachokiogopa kuliko vyote: chumba cha mzazi, mama aliyetoka kujifungua. Katika arobaini tunampasha mama joto, tunafukiza nguo za mtoto kwa udi, tunafunga mlango asipigwe na upepo. Nia ni mapenzi matupu, na mimi mwenyewe nimekaa katika chumba kama hicho. Lakini seredani yenye makaa ikikaa humo na mlango umefungwa, mama na mtoto wanavuta gesi hiyo usiku kucha, na mtoto mchanga anapumua haraka kuliko sisi. Mjamzito naye yuko hatarini zaidi, kwa sababu gesi humfikia mtoto tumboni na kukawia kutoka.

Nguo zifukizwe uani au darini, halafu ziletwe chumbani zikiwa na harufu na joto lake. Maji ya kumkanda mzazi yachemshwe nje. Kama lazima chetezo kiingie, kiwe na kaa dogo moja au mawili, mlango na dirisha viwe wazi, na kitoke udi unapokwisha. Jiko lisilale chumbani na mtu, hata usiku mmoja.

Nimesikia mabibi wakisema weka bakuli la maji chumbani litavuta sumu. Halivuti. Nimesikia kwamba makaa yakifukiwa na jivu hayadhuru. Yanadhuru, kwa sababu chini ya jivu yanaendelea kuungua polepole kwa hewa chache, na hapo ndipo gesi inapozidi. Udi nao hauiondoi, unaificha tu kwa harufu nzuri.

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango kwa upana, mvute nje haraka, na usikae humo ndani kumwamsha. Mlaze ubavu kama anapumua, piga kelele majirani waje, na apelekwe hospitali. Hapa kisiwani ni King Fahd. Ukifika sema waziwazi kwamba alikuwa chumbani na jiko la makaa. Kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa huku mtu amejaa gesi, kwa hiyo maneno yako ndiyo yatakayomwelekeza daktari. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kama saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ya hospitali muda unakuwa mfupi zaidi, ndiyo maana "ameamka, basi arudi kulala" ni kosa.

Bati la nje linaunguza, au limebadilika rangi mahali pamoja

Baina ya chungu na bati fundi huweka saruji na kitu cha kuzuia joto. Ikidondoka, moto unafika kwenye bati. Gonga bati kwa kidole jiko likiwa baridi: penye mlio wa utupu ndipo palipopungua. Doa la rangi ya buluu au kijivu kwenye bati pia linaonyesha mahali. Mara nyingi chungu kimepasuka hapo hapo.

Chungu kimepasuka

Sababu kubwa ni maji ya kuzimia moto. Udongo uliopata joto ukimwagiwa maji hupasuka siku hiyo au siku chache zijazo, na mvuke wake unakuunguza mkono. Sababu ya pili ni kugongwa na koleo, na ya tatu ni moto mkali siku ya kwanza chungu kikiwa bado na unyevu.

Ufa mwembamba kama unywele, usiofika pande zote mbili, uache. Ufa unaopitisha mwanga uzibe. Mjomba alikuwa akichekecha jivu kwa kitambaa, akachanganya na udongo wa kichuguu kutoka bara, sehemu sawa, kisha maji kidogo mpaka ushikane kama unga wa chapati. Mchanga wa pwani usiutumie, na maji yawe matamu, si ya kisima cha chumvi, kwa sababu chumvi itakula bati kutoka ndani. Kwaruza ufa uondoe masizi, ulowanishe kidogo, sindilia mchanganyiko mpaka ndani, laini juu. Acha kivulini siku tatu au nne. Ukikauka utaona nyufa ndogo, ziba tena.

Sakafu ya matundu ikianguka kipande, au chungu kikitikisika ndani ya bati, usihangaike. Nunua chungu kipya umpe fundi akitie kwenye bati lile lile, kama bado ni zima. Kwa mpishi wa nyumbani chungu kizuri huenda mwaka mmoja au zaidi.

Kutu

Jivu lililolowa ndilo linalokula bati, likisaidiwa na hewa ya bahari. Usiache jivu usiku kucha ndani ya jiko. Usilikalishe juu ya sakafu ya saruji inayolowa, liweke juu ya tofali mbili. Mvua ikija liingize likiwa baridi na tupu.

Makaa yaliyobaki yazimie kwenye sufuria ya zamani yenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba. Yakikosa hewa yanakufa, na kesho yanashika upesi kuliko mapya. Jivu lenyewe usilimwage jaani siku hiyo hiyo, maana kaa huweza kuishi ndani yake mpaka kesho yake. Likae kwenye debe la bati mpaka mkono uweze kulishika, halafu utasugulia masufuria.

Jiko jipya, au chungu kipya

Lipige kwa ukucha dukani: udongo uliochomwa vizuri hulia, usioiva hunyamaza. Tazama matundu yawe yametoboka mpaka chini, mlango ufunge, na chungu kisicheze ukilitikisa. Ukifika nyumbani lianike siku mbili bila kulitumia. Siku ya kwanza ya moto tia vifuu viwili na kiganja kimoja cha makaa, bila sufuria, liache lipoe lenyewe. Siku ya pili jaza nusu. Siku ya tatu tia makaa ya kutosha uchemshe maji ya chai, na ya nne ndipo uweke karai.